Nani Alishika Patasi? Kutoka Gandhara hadi Tongoni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Sanchi, katikati ya India, penye michongo ya kale ya dini ya Kibudha ambayo Budha mwenyewe haonekani ndani yake. Wachongaji wa mwanzo walimwashiria tu: nyayo mbili, kiti kitupu, mti, gurudumu. Leo tunapanda kaskazini hadi Gandhara, bonde la Peshawar katika Pakistan ya sasa. Huko, kati ya karne ya 1 na ya 3 baada ya Kristo, chini ya wafalme wa Kushani, jiwe la kijivu lilichongwa Budha mwenye mwili na uso wa mtu.

Wazungu walipoanza kuzifukua sanamu hizo katika karne ya 19, walijiona wamekutana na jamaa zao. Nywele zina mawimbi kama za Apolo, joho lina mikunjo mizito kama la Mroma, na pembeni zimesimama nguzo zenye majani ya Kigiriki. Aleksanda alifika upande huo mwaka 326 kabla ya Kristo, na nyuma yake watawala wa Kigiriki walikaa nchi za jirani vizazi kadhaa. Mtaalamu wa Kifaransa, Alfred Foucher, akashikilia kwamba sanamu ya Budha asili yake ni Ugiriki. Mwaka 1927 Ananda Coomaraswamy, mzaliwa wa Colombo, akampinga kwa hoja nzito. Alielekeza macho Mathura, kusini ya Delhi, ambako katika zama hizohizo Budha alichongwa kwa jiwe jekundu la mchanga, mabega mapana, nguo nyepesi iliyogandamana na mwili, kwa kufuata sanamu za mizimu ambazo Wahindi walizichonga zamani kabla ya hapo.

Shauri hilo linatuhusu sisi wa Tanga kuliko tunavyodhani. Msomaji wa Mabawa akipanda gari la Pangani, safari haitakuwa ndefu kabla hajashuka Tongoni, ambako kuna makaburi yapatayo 40 ya karne ya 14 na 15 kando ya msikiti uliobomoka. Wachache wanajua kwamba hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki penye makaburi ya minara mengi kama hapo. Mji huo ulijulikana kama Mtangata, na ni karibu yake ambapo jahazi la Vasco da Gama, São Rafael, lilikwama mwaka 1498. Mwaka uliofuata Wareno walilichoma moto hukohuko.

Mwingereza Richard Burton alipita Tongoni mwaka 1857 akaona kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Kigae kimoja tu, lakini wazo la asili ya kigeni liliendelea kwa miaka mingi: kwamba miji ya mawe ni kazi ya wageni waliohamia, na wenyeji walikuwa watazamaji. Hata wataalamu wakubwa wa mambo ya kale, James Kirkman na Neville Chittick, waliegemea huko. Ni uchimbaji wa baadaye, hasa wa Mark Horton katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, ulioonyesha msikiti ukikua hatua kwa hatua, kutoka miti na udongo hadi mawe, ndani ya mji wa watu walewale.

Jiwe lenyewe ni shahidi. Kazi nzuri za pwani zilichongwa kwa tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji bado ni laini, patasi inapita. Likikauka juani linakuwa gumu. Kwa hiyo fundi alipaswa kulijua tumbawe, kujua wakati wa kulitoa, na kumaliza nakshi kabla halijakataa chuma. Ujuzi huo hauji na jahazi. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, ina herufi zenye maua zinazofanana na za Siraf, Uajemi. Herufi zilitoka mbali. Tumbawe ni la Unguja.

Mambo ya kigeni yapo, tena mengi, wala hatuna haja ya kuyaficha. Katika makaburi ya Tongoni bado yanaonekana mashimo matupu yaliyokuwa na bakuli za ng'ambo. Kilwa na Mogadishu zilipokea marumaru zilizochongwa Gujarat, katika karakana zilizohudumia mahekalu ya Kihindu na ya Kijaini pamoja na misikiti. Lakini kaburi lenye mnara ni umbo la pwani hii, kuanzia Somalia hadi kwetu. Mjenzi wa Tongoni alifanya lile alilofanya mchongaji wa Gandhara: alipokea alichokipenda, akakitia katika ibada na desturi za watu wake.

Minara mingi ya Tongoni imeshaanguka, na bahari iko jirani. Walimu wa Tanga, wapelekeni wanafunzi wakiwa na kamba ya kupimia na daftari la kuchorea, kila kaburi lichorwe na kupimwa jinsi lilivyo sasa. Nanyi wakazi, msiruhusu hata jiwe moja lichukuliwe kujengea. Wiki ijayo tutazifuata marumaru za Gujarat hadi Kilwa.