Plasta haikauki, hushika

Hivi karibuni nilimsindikiza shangazi yangu, mkazi wa Port Reitz, kwa fundi wa meno ya bandia. Fundi alikoroga plasta, akaongeza maji mara mbili bila kupima, akaumimina uji ule katika kalibu ya ufizi. "Tungojeni ikauke," akasema. Baada ya muda shangazi aliigusa, akastaajabu: "Mbona yapata moto, mwanangu? Kitu kikikauka si hupoa?" Fundi hakujibu.

Swali hilo lilistahili jibu. Plasta hutokana na jasi, madini ambayo hapa Kenya hupatikana Kajiado na El Wak. Fuwele za jasi zina maji ndani yake. Zikichomwa kwa joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga. Unga ukikutana na maji huyarudisha yale uliyopokonywa. Fuwele mpya mithili ya sindano huota na kusukana, nalo joto hutoka. Plasta, basi, huwa ngumu kwa kunywa maji. Kukauka huja baadaye, maji ya ziada yanapotoka.

Je, huu ni ubishi wa msamiati tu? La hasha. Aaminiye kwamba plasta hukauka huona maji mengi hayana dhara, maadamu yatatoka. Kumbe gramu 100 za unga huhitaji mililita 19 hivi tu ili kurudi kuwa jasi. Plasta ya kawaida hupewa 45 hadi 50 ili ikorogeke. Kila kinachozidi huacha vitundu, na mfano wa ufizi hulika kingo. Vivyo hivyo, gunia likiachwa wazi katika unyevu wa pwani yetu, unga huanza kunywa maji kabla ya wakati wake.

Waashi wetu husema simiti imeshika, kisha huimwagia maji siku kadhaa ili ikomae. Neno tunalo, na maarifa yamo ndani yake. Wanaofundisha mafundi wa meno walitumie.

Meno ya shangazi yalimpwaya. Sitaapa kwamba kosa ni la maji yale, lakini hadi leo anatafunia upande mmoja.