Muhogo Mchungu na Moto wa Mwilini

Leo tutazungumza juu ya muhogo mchungu, na kwa nini mama zetu huuloweka siku tatu au zaidi kabla ya kuuanika.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe hizo mna majiko madogo zaidi. Wataalamu huyaita mitokondria. Humo chakula tulichokula hukutana na hewa tuliyovuta, ikapatikana nguvu ya kulima, kutembea, hata kufikiri.

Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Sumu hii huingia katika mitokondria na kuziba mahali pale hewa inapotumika. Ni kama kufunika moto kwa chungu: nje hewa ni tele, lakini moto hauipati.

Mwili una dawa yake, nayo ni salfa itokayo katika maharage, dagaa, nyama na mayai. Mtu akila muhogo mchungu kila siku bila kitoweo, salfa hupungua na sumu hushinda. Hapo huweza kuja ugonjwa wa konzo. Mtoto hulala mzima, akiamka miguu yote miwili imekakamaa. Akili yake nayo huweza kudhurika, na miguu hairudi kama zamani. Hakuna dawa.

Daktari Trolli aliandika habari za konzo mwaka 1938, huko Kwango katika Kongo. Jina lenyewe ni la Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Kwetu Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na Daktari Howlett na wenzake wakauchunguza. Waligundua kwamba njaa iliwafanya watu wafupishe kazi ya kutengeneza muhogo. Kule Kongo haikuwa njaa tu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa, wanunuzi walikuwa wengi, na watu wakaanza kutoa muhogo majini baada ya siku moja. Sisi tunaouza muhogo kwa magari tuyatazame hayo vizuri.

Je, ikiwa unga umekwisha kusagwa nawe una shaka nao? Profesa Bradbury wa Australia alitafuta njia rahisi. Tia unga katika bakuli, weka alama pale ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, usizidi unene wa kidole, uukae saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hugeuka hewa ikatoka. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo.

Sasa zungumzeni darasani: nyumbani kwenu muhogo hukaa majini siku ngapi, na nani huamua utolewe?