Shahamu au mafuta ya mimea: povu la ndevu latoka wapi?

Na MWANDISHI WETU

KINYOZI mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa amekwisha kumfunga mzee mmoja taulo shingoni na kulowesha burashi yake, mzee alipomshika mkono.

"Mwanangu, kabla hujanipaka hiyo, niambie imetengenezwa kwa mafuta gani."

Kinyozi alikigeuzageuza kipande cha sabuni. Hakikuwa na maandishi. Karatasi yake ilitupwa siku nyingi. "Ni sabuni tu, mzee wangu. Ina povu zuri sana."

"Povu naliona," akajibu mzee. "Mimi nauliza mafuta."

Waliokuwa wakingoja zamu walicheka. Hata hivyo swali la mzee yule lilikuwa la haki, na wanaume wengi wanaojipaka sabuni usoni kila asubuhi hawajapata kujiuliza. Je, povu lile limetoka kwa ng'ombe, kwa kondoo, kwa nguruwe, au limetoka kwa mnazi na mchikichi? Na wembe unapopita, kuna tofauti yoyote?

MAFUTA NA DAWA KALI

Sabuni yoyote, iwe ya kufulia, ya kuogea au ya kunyolea, ni mafuta yaliyochanganywa na dawa kali. Zamani dawa hiyo ilipatikana katika maji ya majivu. Leo viwanda hutumia kostiki soda au potasi. Vitu hivyo vikikutana, mafuta huvunjika: upande mmoja hutoka sabuni, na upande wa pili gliserini, uto ule mtamu unaolainisha ngozi. Kostiki soda hutoa sabuni ngumu kama mche wa kufulia. Potasi hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi. Watengenezaji wa sabuni ya kunyolea hupenda kutia zote mbili, ili kipande kiwe kigumu cha kutosha kushikika lakini kikiguswa na burashi yenye maji kitoe povu mara moja.

Aliyetufumbulia siri hii ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka wa 1823 alitoa kitabu kizima juu ya mafuta ya wanyama. Alionyesha kwamba mafuta si kitu kimoja, bali ni muungano wa gliserini na asidi za aina mbalimbali. Mojawapo ya asidi hizo ni asidi ya steariki, na jina lake lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya shahamu. Msomaji alikumbuke jina hilo, kwani ndilo kiini cha mambo yote yanayofuata.

POVU LA KUNYOLEA

Mtu anayeoga hufurahia povu jingi. Anayenyoa anataka povu la namna nyingine: zito kama malai, lenye vipovu vidogo vidogo, lisilokauka kabla wembe haujafika shavu la pili. Unywele mkavu wa ndevu ni mgumu na humshinda wembe. Ukilowa maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu, hulainika na kukatika kwa urahisi. Basi kazi kubwa ya povu ni kuyashikilia maji hayo usoni na kuuwezesha wembe kuteleza bila kukwaruza ngozi.

Hapo ndipo shahamu ilipojipatia sifa. Katika kila sehemu 100 za shahamu ya ng'ombe, kama 20 hivi ni asidi ya steariki, na ya kondoo aghalabu huwa na zaidi. Asidi hii ndiyo inayolipa povu uzito na kulifanya likae. Mawese yana sehemu 5 tu hivi katika 100, na mafuta ya nazi hayafiki hata hapo. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya walioapa kwamba hakuna sabuni ya ndevu bila shahamu hawakuwa wakisema uongo. Walisema waliyoyaona kwa macho yao.

Lakini nazi nayo ina yake. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa povu upesi na kwa wingi, hata katika maji ya bahari yanayoishinda sabuni ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba mapovu hayo ni makubwa, hupasuka haraka, na mafuta ya nazi yakizidi katika sabuni hukausha ngozi. Ndiyo sababu mafundi wengi wa zamani walichanganya: shahamu ilipe povu uzito, nazi iliharakishe. Anayedhani kwamba sabuni ya zamani ilikuwa ya mnyama mtupu, basi mara nyingi alikuwa akijipaka pia mafuta ya nazi bila kujua.

MMEA WAGEUZWA SHAHAMU

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Mkemia Mjerumani Wilhelm Normann aligundua njia ya kuyapitishia mafuta ya maji gesi ya haidrojeni hadi yagande. Kwa njia hiyo asidi laini za mimea zinaweza kugeuzwa kuwa asidi ya steariki, ile ile yenye jina la shahamu. Leo kiwanda chaweza kuipata kutoka kwa mawese au kutoka kwa ng'ombe, na ikiisha kusafishwa, wembe hauwezi kupambanua. Yako pia mafuta ya mimea yenye asidi hiyo kwa asili: theluthi moja hivi ya mafuta ya kakao, na zaidi ya hapo katika mafuta ya mti wa shea wa Afrika Magharibi. Shea wa kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini hutoa mafuta laini zaidi, yenye asidi hiyo kwa kiasi pungufu kuliko ya Afrika Magharibi.

Kwa hiyo anayesema "sabuni ya mimea hainyoi vizuri" anakosea, na anayesema "sabuni ya mimea ni bora kwa kuwa ni ya mimea" anakosea vile vile. Sabuni ya nazi tupu humsumbua mnyoaji. Sabuni ya mimea iliyotiwa asidi ya steariki ya kutosha humfaa sawasawa na ile ya shahamu. Kinachotofautisha povu ni ile asidi na kiasi chake, wala si kama mafuta yalitoka zizini au shambani.

SWALI LA MOYO

Hata hivyo mzee wa Mombasa hakuuliza habari za povu. Aliuliza kama kitu hicho kinamfaa yeye kukipaka usoni kisha asimame mbele ya Mola wake. Swali hilo halijibiwi na mkemia.

Katika hadithi za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume aliulizwa juu ya shahamu ya mzoga, ambayo watu waliitumia kupaka vyombo vya baharini, kulainisha ngozi na kuwashia taa, naye akasema kuwa ni haramu. Wanazuoni walitofautiana kama kilichokatazwa ni kuuza au kutumia. Mabaharia wa mwambao wetu, waliopaka majahazi yao deheni ya shahamu na chokaa, walilijua suala hili vizuri. Kuhusu sabuni, wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi huona kwamba mafuta yenye najisi yakigeuka kuwa kitu kingine, hukumu nayo hugeuka, na sabuni ni mmojawapo wa mifano waliyoitaja. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, ni mazito zaidi hapo: kitu chenye najisi hakisafiki kwa kugeuka, ila katika mambo machache, kama divai inapogeuka siki yenyewe. Kwake yeye, hata ng'ombe hatoshi kuwa ng'ombe; ni lazima awe amechinjwa kisheria.

Mhindu wa Kisumu au Nairobi naye ana swali lake kuhusu ng'ombe, na Mjaini hataki mafuta ya kiumbe chochote. Kwa upande mwingine, Msamburu anayejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na shahamu haoni aibu yoyote. Kwake mafuta ya mnyama mwilini ni pambo, na kuyatupa baada ya kuchinja ni ubadhirifu.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo madogo. Mwaka wa 1857 askari wa Kihindi waliokuwa chini ya Waingereza waliasi, na cheche mojawapo ilikuwa habari kwamba risasi walizotakiwa kuzifungua kwa meno zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe. Wahindu na Waislamu walikasirika pamoja.

Wala asidhani mtu kwamba mmea ni safi daima. Mwaka wa 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alipata kutoka kwa Ubelgiji eneo kubwa la michikichi katika Kongo, na watu wengi huko walishurutishwa kukwea na kuchuma. Siku hizi zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia hutoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi imefyekwa kupisha mashamba. Shahamu nayo iliingia doa Uingereza ilipogundua ugonjwa wa wazimu wa ng'ombe mwaka wa 1986, na hasa serikali ilipokiri mwaka wa 1996 kwamba huenda ulimwambukiza binadamu. Wanunuzi wengi walianza kuogopa chochote cha ng'ombe.

SOMA KARATASI

Basi afanyeje mnunuzi? Asome karatasi kabla ya kuitupa. Akiona neno linaloishia na "tallowate", ajue ni shahamu. "Lardate" ni nguruwe. "Palmate" ni mawese. "Cocoate" ni nazi. Mtego uko katika maneno "stearic acid" au "stearate". Hayo hayasemi asili yake, kwa kuwa yaweza kuwa ya mnyama au ya mmea. Hapo hakuna budi kumwuliza mtengenezaji, na mtengenezaji mwungwana ataandika mwenyewe bila kuulizwa. Mnunuzi hadai mengi. Anadai kuambiwa anachojipaka, kisha aamue mwenyewe.

Na akiisha kutosheka na sabuni, aitazame burashi pia. Nyingi hutengenezwa kwa nywele ngumu za nguruwe.

Mzee yule hakungoja kiwanda kimjibu. Alimtuma mjukuu wake nyumbani kuleta mche wa sabuni ya nazi, kinyozi akauchovya katika maji ya moto, akapaka, povu likakauka, akapaka tena. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Mzee alilipa, akashukuru, akatoka uso ukiwa laini na moyo umetulia.