Pakiti Moja, Lita Moja: Tuujue Mmumunyo

Katika nyumba zetu nyingi mtoto anapoharisha hutafutwa pakiti ya unga iliyoandikwa ORS. Unga humiminwa katika chupa yoyote iliyo karibu, maji hujazwa, chupa hutikiswa. Mara nyingine chupa hiyo ni ya nusu lita, ilhali pakiti imeandikwa lita moja. Tunajifariji kwamba dawa ikikolea itaponya haraka. Kemia inatufundisha kinyume chake.

Tuanze na unga wenyewe. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5: glukosi gramu 13.5, trisodiamu sitrati gramu 2.9, chumvi ya kawaida gramu 2.6 na potasiamu kloridi gramu 1.5. Huu ni mchanganyiko mkavu. Kila kitu kimebaki na chembe zake, kama mchele na maharage ndani ya kikapu kimoja. Ndiyo maana haifai kuugawa unga nusu kwa nusu kwa kijiko: nusu moja yaweza kubeba chumvi nyingi kuliko nyingine.

Unga ukitiwa majini, chembe huyeyuka na kusambaa sawasawa. Hapo tunapata mmumunyo. Maji ni kimumunyishaji, unga ni kimumunyishwa, na kila kijiko tunachochota kina kiasi kilekile cha chumvi na glukosi.

Ukolevu wa mmumunyo ni kiasi cha kimumunyishwa kilichomo katika kila lita. Gramu 20.5 katika lita moja ni gramu 20.5 kwa lita. Katika nusu lita, 20.5 ÷ 0.5 = 41, yaani ukolevu umekuwa maradufu. Katika lita mbili ni gramu 10.25 tu. Unga haukuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni maji.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Katika ukuta wa utumbo, glukosi na sodiamu huingia mwilini pamoja, na maji huzifuata. Lakini mmumunyo ukikolea mno, maji huvutwa kutoka mwilini kuingia utumboni. Mwendo huo wa maji huitwa osmosisi. Mtoto huharisha zaidi, na chumvi katika damu yake yaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Mmumunyo ukiwa mwepesi mno, maji yapo, lakini chumvi alizopoteza hazirudi za kutosha. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza unga wa lita moja kutoka gramu 27.9 hadi 20.5, baada ya kuonekana kwamba watoto waliopewa mmumunyo mwepesi zaidi walitapika na kuharisha kidogo kuliko awali.

Je, kama tumeshachanganya katika nusu lita? Tuuzimue: tupime mmumunyo uliopo, kisha tuongeze maji safi ya kiasi hichohicho. Ukolevu utashuka kutoka gramu 41 hadi 20.5 kwa lita.

Maji yachemshwe na kupozwa kabla ya kutia unga. Tusichemshe mmumunyo wenyewe, kwa kuwa kinachoondoka kwa mvuke ni maji, na chumvi hubaki. Tusiongeze sukari, soda wala juisi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa, macho yakidumbukia, au akitoa choo chenye damu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Pakiti nyingine ni za maji kidogo zaidi, hivyo tusome kwanza maandishi yake. Na kabla ugonjwa haujabisha hodi, kila nyumba itenge chupa safi ya lita moja na kuitia alama. Usiku wa manane mtoto akianza kuharisha, hatutahitaji kukisia.