Bomu Lililotakiwa Kugusa Ukuta

Ukuta wa bwawa la Möhne, karibu na eneo la viwanda la Ruhr nchini Ujerumani, ulikuwa na kimo cha mita 40 na unene wa mita 34 kwenye kitako. Bomu la kawaida likiangukia juu yake lingechubua mawe tu. Topido nazo zisingefika, kwa sababu Wajerumani walikuwa wametandaza nyavu za chuma majini. Barnes Wallis, mhandisi wa kampuni ya Vickers ya Uingereza aliyetaka kulibomoa bwawa hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa na hakika ya jambo moja: baruti ikilipuka chini ya maji ikiwa imeugusa ukuta wenyewe, kiasi kinachobebeka na ndege moja kingetosha.

Sababu yake ni fizikia. Mlipuko ukitokea mbali kidogo na ukuta, maji yaliyo katikati hula nguvu yake. Bomu likiwa limegusa, maji yaliyo nyuma yake hugeuka kizuizi, kwani maji hayakubali kubanwa kirahisi, na nguvu hukosa pa kwenda isipokuwa ndani ya mawe. Wimbi la mshindo hupenya hadi upande wa pili ulio mkavu, kisha hurudi likivuta badala ya kusukuma. Mawe na saruji huvumilia kubanwa kwa karne nzima, lakini yakivutwa hupasuka. Ukishapatikana ufa, uzito wa maji ya bwawa humalizia kazi. Mwaka 1942 jambo hilo lilijaribiwa kwenye bwawa dogo lisilotumika huko Wales, na ukuta ukatoboka.

Ilibaki namna ya kulifikisha bomu pale. Wallis alianza kwa kurusha gololi juu ya beseni la maji nyumbani kwake, akipima jinsi zinavyoruka kama vigae ambavyo watoto hurusha ziwani. Silaha iliyopatikana mwisho ilikuwa pipa la zaidi ya tani 4, ambalo tani 3 zake zilikuwa baruti. Mota ndani ya ndege ililizungusha kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa. Mzunguko huo ulilisaidia kuruka juu ya nyavu, na lilipofika ukutani ulilifanya ling'ang'anie mawe huku likizama. Kwenye kina cha mita 9, shinikizo la maji lilifyatua kilipuzi.

Mpaka hapo hesabu ni ya mhandisi. Kuanzia hapo mzigo unahamia kwa vijana wa Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza, na kwa maoni yangu hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa. Bomu lilitakiwa kuachiwa mita 18 tu juu ya maji, kwa mwendo wa karibu kilomita 370 kwa saa, kiasi cha mita 400 kutoka ukutani. Likiachiwa mapema lingezama njiani. Likichelewa lingeruka ukuta.

Kipimo cha kimo kilichotegemea hewa hakikuaminika chini kiasi hicho. Wakafunga taa mbili tumboni mwa ndege, zikamulika majini kwa pembe. Miduara miwili ya mwanga ilipogusana na kufanya umbo la nane, ndege ilikuwa kwenye mita 18. Mwongoza njia alichungulia dirishani na kumwambia rubani: shuka, shuka, bado kidogo, hapo hapo. Ndege nzito ikienda moja kwa moja kuelekea mizinga ya adui, taa zikiwa zinawaka! Kifaa cha kulengea nacho kilikuwa kipande cha mbao chenye tundu la kuchungulia na misumari miwili. Misumari ilipolingana na minara miwili iliyo juu ya bwawa, mlenga mabomu aliachia.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 za mabomu aina ya Lancaster, zilizobeba watu 133, ziliruka kutoka kituo cha Scampton, Uingereza. Waingereza ndio walikuwa wengi, lakini walikuwapo Wakanada, Waaustralia, Wanyuzilandi na Mmarekani mmoja, Joe McCarthy. Walipita chini sana ili wasionekane na rada, na hilo nalo lilikuwa na bei yake: ndege mbili zilinasa kwenye nyaya za umeme, wote waliomo wakafa.

Kiongozi wao Guy Gibson, mwenye umri wa miaka 24, ndiye aliyetangulia kushambulia Möhne. Wa pili, John Hopgood, alipigwa akiwa anakaribia; bomu lake liliachiwa kwa kuchelewa, likaruka ukuta na kuangukia mtambo wa umeme. Aliiinua ndege inayoungua ili wenzake waruke kwa miavuli. Wawili walipona, yeye akafa. Gibson hakuondoka: aliruka sambamba na waliofuata ili mizinga igawanyike. Bomu la tano ndilo lililofungua ukuta. Kwenye bwawa la Eder, lililolengwa pia, hapakuwa na mizinga, ila milima ilikuwa mikali na ukungu umetanda. Pale, Les Knight aliubomoa ukuta kwa bomu la mwisho lililobaki.

Bwawa la Sorpe, nalo likiwa limelengwa, ni habari nyingine. Lilikuwa tuta la udongo lenye kiini cha zege, na nadharia yote ya mawe kuvutwa haikulihusu. Hata hivyo marubani walitumwa kudondosha mabomu yasiyozungushwa, wakiruka kufuata urefu wa tuta. McCarthy alijaribu mara tisa bila kuridhika, akaachia ya kumi. Tuta lilibonyea juu, basi. Nadhani waliopanga walilijua hilo kabla.

Ndege 8 hazikurudi. Wanajeshi 53 walikufa na watatu wakatekwa. Mabondeni chini ya mabwawa walikufa watu zaidi ya 1,200. Wengi wao hawakuwa Wajerumani, bali wafanyakazi wa kulazimishwa na mateka wa vita. Huko Neheim maji yalipitia kambi iliyojaa wanawake waliochukuliwa kutoka Ulaya Mashariki. Filamu ya mwaka 1955 iliyolifanya shambulio hili kuwa maarufu haikuwajali.

Wajerumani walihamisha maelfu ya wafanyakazi, wengine kutoka ngome za pwani ya Ufaransa, wakaziba pengo la Möhne kabla ya mwaka kwisha. Albert Speer, waziri wa silaha, alishangaa baadaye kwamba ukarabati uliachwa uendelee. Kuvuruga kazi ile kusingehitaji pipa la Wallis, taa wala misumari. Mabomu ya kawaida juu ya majukwaa ya mafundi yangetosha, na Uingereza ilikuwa nayo tele.