Ndege aliyewaficha wataalamu kiota chake kwa miaka 100

KATIKA jamii nyingi za humu nchini, bundi akilia juu ya paa usiku wenye nyumba hukosa usingizi. Ila katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, wamo watu wanaopoteza usingizi kwa sababu bundi hakulia.

Hao ni watafiti na wasaidizi wao, wengi wakiwa vijana wa vijiji vilivyo kandokando ya msitu. Wanayemtafuta ni bundi wa Sokoke, kiumbe mdogo mwenye urefu usiozidi sana inchi sita na uzani wa takriban gramu 50. Wataalamu hawakumjua hadi miaka ya 1960, na hadi leo duniani kote anajulikana kuishi katika sehemu chache tu za pwani ya Kenya, ukiwemo msitu huu, na za chini ya milima ya Usambara, Tanzania.

Kumhesabu ndege wa namna hiyo si kama kuhesabu mbuzi zizini. Mchana hujibanza matawini, rangi yake ikifanana na ganda la mti. Kwa hiyo anahesabiwa kwa sikio. Mtafiti hupita njia ile ile usiku, akasimama kila baada ya umbali uliopimwa, akacheza sauti ya bundi iliyorekodiwa, kisha akanyamaza na kusikiliza. Dume mwenye himaya yake hudhani mgeni ameingia na hujibu. Kila jibu huandikwa pamoja na upande lilikotoka, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili.

Hesabu hiyo ina mitego. Upepo ukivuma sauti hazisikiki, na bundi aliyenyamaza si lazima awe hayupo. Aidha, haiwezekani kuupita msitu wote, hivyo idadi iliyopatikana katika eneo dogo huzidishwa kulingana na ukubwa wa makao yanayomfaa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ukikosea kupima makao, umekosea pia kuhesabu bundi.

Arabuko-Sokoke, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali enzi za ukoloni mwaka wa 1932, una kilomita mraba zipatazo 420. Mwenye kuutazama kutoka barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi huona ukuta mmoja wa kijani, kumbe ndani mna misitu mitatu. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mibambakofi. Katikati kuna ukanda wa mirihi juu ya mchanga mweupe. Magharibi, penye udongo mwekundu, ni himaya ya mifunda na mihugu, na bundi wetu haishi kwingine ila huko.

Kwa hivyo mtu anayekata mhugu mmoja kumpelekea mchonga vinyago hapunguzi tu idadi ya miti katika msitu mkubwa. Anachuna ule ukanda mmoja ambao bundi anautegemea. Makadirio ya mwaka wa 1993 yalionyesha jozi karibu 1,000. Hesabu iliyorudiwa mwaka wa 2008 kwa njia hiyo hiyo ilipata takriban jozi 800. Ramani ya msitu haikuwa imebadilika, na mpita njia asingeona tofauti yoyote. Ni kurudia hesabu kulikofichua kwamba ndani kunaharibika.

Kisa cha pili kinamhusu ndege wa mchana, naye ndiye aliyewatoa wataalamu jasho zaidi. Ni mfumaji wa Clarke, mwenye rangi nyeusi na manjano, aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka wa 1913. Haishi popote duniani isipokuwa Kilifi. Makundi yake huonekana juu ya mirihi ya Arabuko-Sokoke, yakidonoa wadudu huku yakihama kutoka mti hadi mti, halafu hutoweka kwa miezi.

Sote tuliokulia mashambani twajua viota vya wafumaji. Hivyo vinavyoning'inia mitini karibu na nyumba, kelele zikitapakaa alfajiri, vinaonekana hata na mtoto. Lakini kiota cha mfumaji huyu hakikuwa kimeonekana na mtaalamu yeyote. Wengi waliamini kwamba hujenga juu kabisa vileleni mwa mirihi, mahali pasipofikika. Dhana hiyo ilikaa muda mrefu hivi kwamba ilikaribia kuwa ukweli.

Mnamo Machi 2013 jibu lilipatikana, na halikuwa mtini. Wanachama wa kundi la wenyeji la uhifadhi, pamoja na wapenzi wa ndege, waliwakuta wafumaji hao wakijenga katikati ya ndago, ndani ya kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki, upande wa Marafa.

Msomaji atauliza, kuna uzito gani katika hilo? Uzito wake ni huu. Kwa miongo kadhaa juhudi za kumlinda mfumaji zilielekezwa Arabuko-Sokoke, ambako kuna askari wa misitu, maafisa wa KWS, uzio wa umeme na mpango wa usimamizi uliotungwa kwa ajili ya miaka 2002 hadi 2027. Kumbe ndege analishwa penye ulinzi na kuzaa pasipo ulinzi. Dakatcha si msitu uliotangazwa na serikali. Ni ardhi ya jamii, ambapo makaa huchomwa na mashamba ya mananasi hupanuka mwaka hadi mwaka. Huko ndiko kulikopangwa kilimo kikubwa cha mibono ya kutengenezea mafuta, mradi ambao NEMA iliukataa mwaka wa 2012, kabla ya viota kugunduliwa.

Ni rahisi kwa sisi tulio mijini kumlaumu mchoma makaa. Mimi siwezi. Mwenye shamba lisilotoa mahindi miaka miwili mfululizo hatashiba kwa kuambiwa kwamba ndege wake hapatikani kwingine duniani. Waliosimamia Arabuko-Sokoke walilitambua hilo mapema, wakati baadhi ya wakazi walipokuwa wakitaka msitu ugawanywe uwe mashamba. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima hufuga pupa wa vipepeo wanaouzwa ng'ambo kwenye bustani za maonyesho. Baadaye ukaja mpango wa karo za sekondari zinazotokana na watalii wanaotembelea msitu na hori ya Mida. Mkulima anayemtunza kipepeo anahitaji mti ambao kipepeo huyo hutaga mayai, hivyo msitu ukawa na faida hata kwa asiyejali ndege.

Dakatcha haina watalii wa kiasi hicho wala uzio. Kilichopo ni kundi la wenyeji wenye darubini na daftari, wanaokwenda kuangalia vinamasi mvua zinaponyesha. Kazi hiyo haina mshahara wa kutajwa, na mvua zikikosekana hakuna la kuandika.

Tatizo jingine ni sura ya mahali penyewe. Kinamasi cha msimu hakikai na maji mwaka mzima. Wakati wa kiangazi huwa uwanja mkavu wenye majani yaliyokauka na nyayo za ng'ombe, na mgeni anayetafuta ardhi ya kulima mananasi hawezi kujua kwamba anasimama juu ya kitalu cha ndege. Anaweza kuulima wote kwa siku chache, bila kuvunja kiota hata kimoja, kwa kuwa wakati huo hakuna kiota cha kuvunjwa.