SOFTIBOLI: Waamuzi wawili, besi nne

KATIKA softiboli kuna besi nne, ilhali mechi nyingi huchezeshwa na waamuzi wawili pekee. Mmoja husimama nyuma ya mdakaji akihukumu mipira inayorushwa. Mwenzake hulinda besi.

Kukiwa hakuna mkimbiaji, mwamuzi wa besi husimama nje ya mstari, nyuma ya besi ya kwanza. Mpira ukipigwa mbali, huingia uwanjani mbio akimfuata mpigaji.

Utata huzuka mkimbiaji anapokuwa tayari besi ya kwanza. Sasa wawili wanakimbia kwa pamoja, na kati ya besi na besi ni mita 18.29 tu. Hapo mwamuzi wa nyumbani hukimbilia besi ya tatu kumpokea mkimbiaji wa mbele, huku mwenzake akibaki na mpigaji. Mkimbiaji huyo akiendelea, naye hana budi kurejea nyumbani upesi, kazi isiyo nyepesi kwa aliyevaa vikinga mwili mzima. Wasipoelewana mapema, wote hutazama besi ya pili. Mkimbiaji akiguswa kwa mpira katika ya tatu, hakuna aliyeona.

Ndiyo maana hupanga kabla ya mechi, na mchezo ukiendelea husemezana kwa sauti. Wakitoa maamuzi yanayokinzana, hushauriana, na kauli ya mwisho ni ya aliye nyuma ya mdakaji.